Mwaka Tulioimbia Majeneza

Mimi ni mtu wa kulia. Nasema hivyo bila haya, maana kwetu hicho ni kipaji, kama mwingine anavyojua kushona au kusonga ugali wa watu mia. Nikisimama penye lango la mwenye msiba nikafungua koo, wazee wanaacha siasa zao, na wale waliokuja kwa ajili ya nyama wanakumbuka kwamba kuna mtu amekufa. Hainichukui muda. Namfikiria marehemu mume wangu, au mtoto niliyemzika akiwa na miezi saba, na machozi yanakuja yenyewe. Kwenye msiba wa mtu, kila mwanamke hulia wake.

Siku za kazi nauza shuka na mapazia ya mitumba pale soko la Kibuye, mjini Kisumu. Jumamosi siuzi, Jumamosi ni ya mazishi. Tulikuwa wanawake wanane wa kanisa moja, vitambaa vyetu vya kichwa vya zambarau, na tulikuwa tukialikwa kusindikiza maiti kutoka mochari mpaka nyumbani, tukiimba njia nzima. Mtu wa kwetu hata akifia mwisho wa dunia ni lazima arudishwe kwao, na kumrudisha kimyakimya ni aibu kwa waliobaki. Familia zisizo na watu wa kutosha zilituita sisi. Tulipewa nauli, chakula, pengine leso, na tulirudi jioni sauti zimekauka.

Mama mwenye gari, ndivyo nitakavyomwita, alinipata sokoni. Alikuwa mnene, mpole, mkononi ana rozari ingawa sijawahi kumwona akiisali. Alinunua mapazia ya vyumba vitatu bila kuomba apunguziwe. Ilinipasa niogope hapo hapo, maana mtu wa Kisumu asiyetaka kupunguziwa ana jambo. Akaniambia ana gari la kubebea maiti, na kwamba kuna mzee aliyetolewa majini kule Port Victoria alikokuwa akiishi na binti yake, kwao ni Nyakach, mbele kidogo ya Pap Onditi. Watoto wengine wako mbali. Ingekuwa vibaya mzee wa watu afike kwao bila hata wimbo mmoja. Nilimwambia tutaenda.

Tulikuta jeneza limeshafungwa na limeshaingizwa garini. Lilikuwa gari refu jeusi, jeneza katikati, viti pembeni. Juu ya jeneza kulikuwa na picha ya mzee mwenye tai pana, na shada la maua ya plastiki. Mmoja wetu aliomba tumwone uso, kama ilivyo desturi. Mama mwenye gari akasema taratibu kwamba mzee alikaa majini siku nne. Hatukuuliza tena. Sisi ni watu wa ziwa, tunajua maji yanamfanya nini mtu kwa siku nne.

Tukaimba. Kila tulipofika kwenye kizuizi cha polisi niliongeza kilio, maana wanawake wenzangu walikuwa wakipumzisha sauti na mimi ndiye niliyezoea kushika zamu. Sikuambiwa na mtu. Ni tabia tu, gari likisimama watu wakatazama, unalia. Polisi walivua kofia. Kizuizi cha mwisho, baada ya Ahero kabla ya Katito, kulikuwa na askari mrefu mwenye mwanya, ambaye alivuta ile misumari ya barabarani kwa mkono wake mwenyewe akasimama pembeni ameinamisha kichwa. Aliniambia pole sana, Mama, kupitia dirishani. Nilimwona mtu mwema, na bado naamini alikuwa mtu mwema.

Pale sokoni Pap Onditi gari lilisimama. Tukaambiwa tushuke tule, maiti itatangulia na familia, mazishi ni kesho, ya familia pekee.

Mazishi ya familia pekee! Msomaji asiyetoka kwetu huenda asione ajabu yoyote hapo. Kwetu hakuna kitu kama hicho. Hata mwizi wa ng'ombe akifa watu watajaa, wengine waje kuhakikisha. Hakukuwa na turubai lolote barabarani, hakukuwa na muziki, wala boda boda zilizofungwa matawi zikipiga kelele mbele ya gari. Mwenye hoteli aliyetupakulia wali alituuliza ni msiba wa boma gani, na sisi wanane, tuliomlilia huyo mtu tangu asubuhi, tukaanza kubishana jina lake. Mwenye hoteli akasema jina hilo halijui, naye amezaliwa hapo. Tukala nyama. Ilikuwa nyama nzuri. Tukapanda gari la kurudi mjini na kila mtu akajifanya amesinzia.

Safari ya pili alikuwa bibi kizee. Naye, eti, alitolewa majini. Safari ya tatu, gari lilipiga shimo kubwa baada ya Ugunja, jeneza likaruka, kifuniko kikaachia upande wa miguu. Harufu iliyotoka haikuwa ya maiti. Ilikuwa bangi, na nyingi. Nimelelewa kando ya ziwa, harufu ile naijua kuliko manukato. Nilimtazama mwenzangu aliyekaa ng'ambo ya jeneza, naye akanitazama. Kisha kiongozi wetu wa nyimbo, mwanamke anayefunga kila Ijumaa, akaanzisha ubeti mwingine kwa sauti ya juu zaidi, na sote tukaitikia. Nami nikaitikia. Kwenye kizuizi cha yule askari mwenye mwanya nililia kuliko siku zote, kwa sababu sasa nilikuwa naogopa.

Kuanzia hapo nilijua, na sitaki mtu anisaidie kusema sikujua. Nilijipa sababu. Nilijiambia kila kitu huku kwetu kinapita mlango wa nyuma: sukari inavuka ziwa usiku na asubuhi hata chifu anaitia kwenye chai, sigara zinavuka, vifaranga vya samaki mbuta visivyoruhusiwa kuvuliwa vinavuka. Samaki mwenyewe, ile minofu, inapakiwa kwenye barafu inakwenda Ulaya kuliwa na watu wenye meno mazuri, na sisi tuliozaliwa majini tunauziwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, tunanyonya na kumshukuru Mungu. Basi bangi ya mtu inanihusu nini? Mzigo ni mzigo, mtu ni mtu. Nilifurahi sana siku nilipoyapanga maneno hayo kichwani. Yalinitosha kwa miezi.

Dada yangu, anayenifuata kuzaliwa, ameolewa huko huko Nyakach. Alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo aliniita Mama, maana kwetu dada ya mama ni mama, na miaka ya sekondari alikaa kwangu Kisumu. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alimaliza kidato cha nne akapata alama za katikati, zile zisizokupeleka popote wala kukufukuza, akakaa nyumbani miaka miwili akipalilia mtama wa baba yake. Wasichana wa rika lake walikuwa wakienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Baadhi yao walirudi na simu kubwa na kuwajengea mama zao nyumba za mabati, na hao ndio waliosimuliwa.

Nilikuwa nimesikia kwamba mama mwenye gari anapeleka wasichana. Nilimwendea nyumbani kwake, nikakaa kwenye kochi lake, chini ya mapazia yangu. Sikumtisha. Sikutaja jeneza. Nilisema tu kwamba sisi wawili tumesafiri pamoja vizuri, na kwamba dada yangu ana binti. Alitabasamu, akasema wengine hulipia pasipoti na tiketi lakini huyo ataenda bure, kwa heshima yangu. Nilitoka pale nikijiona mjanja. Nilidhani nimemkamata mkono. Sikuona kwamba mwanamke anayeweza kuweka picha ya mzee wa watu juu ya gunia la bangi hawezi kuwa na mizani mbili nyumbani kwake, moja ya mizigo na nyingine ya watoto.

Dada yangu aliniuliza swali moja tu, kama huyo mama ni mtu mzuri. Nikamjibu kwamba namjua, ni mtu wa misiba, tumezika pamoja. Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mtu aliyesimama nawe makaburini humwulizi tena barua ya utambulisho.

Mwezi wa kwanza tangu afike Uarabuni, binti alituma sauti kwenye simu akicheka, akisema huko jua ni kali kuliko la Ahero na watoto wa tajiri wake hawataki kula mboga. Mwezi wa pili alituma fupi. Kisha simu yake ikazimika. Baada ya muda akanipigia kwa namba nisiyoijua, akinong'ona. Hakumpigia mama yake, alinipigia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemjua mama mwenye gari.

"Mama, mwambie anirudishe," alisema. "Hii nyumba wananichoma. Pasipoti wamefungia. Mwambie tu, wewe atakusikia."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mama mwenye gari alikuwa anapepeta mchele. Alisema mkataba ni miaka miwili, na wasichana wote hulia mwanzoni, hawajazoea kazi. Nilipopandisha sauti hakupandisha yake. Aliniambia kwamba mimi na yeye tumepita barabara moja, na kama nitamsindikiza na wenzangu safari nyingine, basi atampigia tajiri azungumze naye. Nikaenda. Nikamlilia mzee mwingine wa picha kutoka Port Victoria mpaka Pap Onditi. Niliporudi alisema amepiga simu, tajiri amesafiri. Nikaenda tena. Hizo safari mbili sikuhitaji kumfikiria mume wangu wala mtoto wangu wa miezi saba. Yule askari alivua kofia mara zote mbili.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda polisi. Nilikwenda. Nilifika mpaka langoni, nikasoma lile tangazo la cheti cha tabia njema, kile polisi huwapa watafuta kazi, nikawa napanga nitakachosema. Nikaona kwamba swali la kwanza litakuwa nimemjuaje huyo mama. La pili litakuwa ni kazi gani tulifanya pamoja. Nikageuka nikarudi Kibuye kukunjua mapazia. Kutoka pale langoni mpaka kwenye meza yangu ni mwendo mfupi, na nikiutembea hata leo miguu inaukumbuka. Niliogopa jela. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Baadaye jeneza moja likafunguliwa kwenye kizuizi cha mbali, waimbaji wakiwa ni kikundi kingine. Nani aliyewachongea sijui. Dereva akashikwa, wale wanawake wakalala rumande na sare zao, na mama mwenye gari akatoweka, simu imefungwa, nyumba ina mpangaji mwingine. Nyuma yake hakukuwa na ofisi, hakukuwa na karatasi wala jina la tajiri. Njia yote ya kumfikia mtoto wetu ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo. Kuanzia siku hiyo polisi wa barabara zetu wakaacha kuvua kofia. Kila jeneza lilifunguliwa. Watu walilalamika redioni kwamba serikali haina adabu kwa wafu, na mimi nilisikiliza nikiwa nimeinamia shuka zangu.

Habari za kifo cha binti zililetwa na msichana mwingine aliyefanya kazi jirani na nyumba ile. Kumrudisha kulichukua karibu nusu mwaka, makanisa yakachanga, ukoo ukachanga, mpaka sanduku likashuka Nairobi na kuletwa mochari Kisumu. Karatasi ilisema moyo ulisimama. Ilisema pia, kwa lugha tatu, sanduku lisifunguliwe. Shemeji yangu akasema tusilifungue, hao wenye nchi wanajua kwa nini. Dada yangu alitaka kumwona mtoto wake. Alilisema hilo mara moja tu, wanaume wakaendelea kuzungumza juu ya mahali pa kaburi, maana msichana ambaye hajaolewa hazikwi katikati ya boma, na jambo hilo waliliona kubwa zaidi.

Jumamosi tukaondoka mochari. Gari lilikuwa la kanisa. Dada yangu alikaa mbele kwenye kona ya kiti, mimi nyuma yake, wanawake wa kikundi pembeni ya sanduku. Tuliimba mpaka Ahero. Tulipoona kizuizi mbele yetu wenzangu wakapunguza sauti, na mmoja akanikanyaga mguu nianze kulia. Sikulia. Nilinyamaza kabisa, nikafunika uso kwa leso, na huko kunyamaza ndiko kulikonifichua.

Alikuwa yule yule mwenye mwanya. Alichungulia ndani akatutazama mmoja mmoja, vitambaa vya zambarau, kisha akafika kwangu na hakuondoa macho.

"Mama, wewe nakujua," alisema. "Umepita hapa mara ngapi? Mara tano? Na mimi natoa kofia kama mjinga. Leo nani amekufa?"

Nilimwambia ni mtoto wangu. Akasema hata zile mara nyingine nililia, baba yangu, baba yangu, na baba wangapi mtu mmoja anaweza kuwa nao. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameaibika, na aibu hiyo nilimvisha mimi. Shemeji alitoa karatasi zenye mihuri. Askari akazisoma zote, akasema hata wale wengine walikuwa na karatasi nzuri. Akamwomba dereva spana.

Sanduku likashushwa pembeni ya barabara, kwenye nyasi, wauza nyanya wakitazama kwa mbali. Wanaume wa ukoo walirudi nyuma. Askari alisema jamaa mmoja asogee athibitishe. Mimi sikusogea. Dada yangu alishuka mwenyewe, akavua viatu, sijui kwa nini, akaenda akasimama pale. Ndipo nikamfuata.

Uso ulikuwa wake. Ulikuwa umekonda, lakini ulikuwa wake. Mikono yote miwili ilikuwa imeungua kutoka vidoleni mpaka kwenye viwiko, mahali pengine kovu limeshafunga na juu ya kovu pameungua tena. Si kazi ya siku moja. Dada yangu alishika kidole kimoja, kile kidogo, akakaa nacho. Yule askari alivua kofia. Alisema pole, Mama, akamwambia yeye, si mimi, kisha akaenda kusimama nyuma ya gari lao, mgongo ametupa sisi.

Tukafunga, tukapakia, gari likaondoka. Hakuna aliyeimba. Tulipopita Katito dada yangu alizungumza bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia.

"Hizo mara tano. Ilikuwa kabla mtoto aende, ama baada?"

"Tatu kabla," nikasema. "Mbili baada."

"Na ni huyo mama."

"Ni yeye."

"Ulijua anabeba nini, ukaniambia ni mtu wa misiba."

Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi sikula hata tonge. Nilichuma, nikawapa wengine wakala. Nilianza kusema jambo, naona lilikuwa ni ombi la msamaha, sikumbuki, na dada yangu akainua mkono kidogo juu ya kiti, kama unavyomzuia mtoto asiongee watu wakiwa wanasali.

"Tukifika kwangu usilie," alisema. "Kwangu usilie."

Boma lao liko juu ya kilima kidogo. Watu walikuwa wamejaa tangu asubuhi, turubai tatu, na wanawake wa kijiji wamejipanga njiani mpaka langoni. Desturi ni kwamba gari linasimama nje, wanaoleta maiti wanashuka, na mwanamke mmoja wa upande wa mama anatangulia kuingia akipiga ukunga, ndipo boma zima linaitikia. Bila huyo wa kwanza hakuna anayejua pa kuanzia. Kila mtu alijua atakuwa ni mimi. Waliniachia nafasi. Nilitembea mpaka langoni na macho ya watu wote yako kinywani mwangu, nikauma leso. Mwanamke mmoja alinisukuma kidogo mgongoni akisema anza, watu wanangoja. Wanaume waliobeba sanduku walisimama, uzito umewaelemea, wakitazamana.

Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya mtoto. Ikabidi mama mtu aanze mwenyewe.